Kufuli za Kirusi Aliyekufa

Iko nchi, wala si mbali, ambayo jina lake silitaji kwa sababu za adabu. Wenyewe wana sheria kwamba anayelitamka lazima asimame, na mimi nasimulia nikiwa nimekaa. Itoshe kusema ni nchi yenye amani. Kila asubuhi redio huwakumbusha wananchi kwamba wana amani, wasije wakasahau.

Katika nchi hiyo aliishi Mwatumu binti Salehe, mkuu wa mitambo katika Idara ya Watu. Idara hiyo ndiyo iliyotunza majina ya waliozaliwa, waliooana, waliohama na waliokufa. Zamani majina yalikaa makabatini yakiliwa na mchwa. Siku hizi yalikaa kwenye kompyuta, na sheria ilikuwa wazi: aliyemo kwenye kompyuta yupo, asiyemo hayupo. Mwatumu aliipenda kazi yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na imani moja iliyowafanya wenzake wamwonee huruma: aliamini kwamba mashine haina upendeleo.

Kirusi kiliingia kwa mlango wa heshima. Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Pankrasi Tunguu, alirudi kutoka semina ya uzalendo akiwa amevaa flashi shingoni kama nishani. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa kumpongeza Mtukufu Kiongozi kwa kuongeza umri bila msaada wa mtu. Amri ikatoka: kila kompyuta ya serikali ichomekwe flashi hiyo au nakala yake, wimbo uchezwe, na mtumishi asimame.

Mwatumu alipoipima ile flashi, programu ya kinga ilipiga kelele kama kuku aliyeona mwewe. Akaenda kwa Katibu Mkuu.

"Bwana Katibu, hii ina kirusi."

"Wimbo wa Mtukufu una kirusi?"

"Si wimbo, bwana. Flashi."

"Na wimbo umo wapi?"

"Kwenye flashi."

"Basi umesema wimbo." Bwana Tunguu akavua miwani, akaipangusa kwa tai. "Bi Mwatumu, wewe hujasema na mimi sijasikia. Hiyo kinga izimwe. Inamvunjia Mtukufu heshima."

Kinga zikazimwa nchi nzima, wimbo ukachezwa, watumishi wakasimama. Ubeti wa mwisho haujaisha, kompyuta zilikuwa zimeshabadilika tabia. Ulipotaka kufungua kidirisha kinachoonyesha ni programu zipi zinaendeshwa ndani ya mashine, ili ukomeshe inayoleta fujo, hakikufunguka. Ulipotafuta mlango wa mipangilio, ulikuta ukuta. Mafaili mengine yalijificha, na kile kitufe cha kuyaonyesha yaliyofichwa nacho kikatoweka. Popote ulipobonyeza, yalitokea maneno haya haya: KAZI HII IMEZUIWA NA MSIMAMIZI WAKO.

Kwingineko watu wangemwita fundi. Huko walisoma, wakatazamana, wakanyamaza. Msimamizi ni nani kama si Mtukufu mwenyewe? Mkuu wa wilaya mmoja aliyachapisha maneno hayo, akayatia fremu na kuyatundika juu ya kiti chake. Mwenzake, asije akaonekana amelala, alituma salamu za kuunga mkono uamuzi huo wa busara. Hivyo kirusi kikatawala kwa raha kuliko serikali yoyote, maana hakikuwa na mpinzani hata mmoja.

Aliyelifumua jambo hilo ni Bi Mafunda, mama yake Mwatumu, mjane wa Bonde la Kidutwa, ambako mpunga huota bila kubembelezwa. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Watu aliwaona kama moshi wa jikoni, akawatambua kwa sauti. Siku ya upasuaji alipanda hadi hospitali ya wilaya akiongozwa na jirani. Nesi alibonyeza kompyuta, akakunja uso.

"Bibi, mfumo unasema hujazaliwa."

"Sijazaliwa?"

"Ndivyo unavyosema."

"Mwanangu, mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Hayo yote nimeyafanya kabla ya kuzaliwa?"

"Bibi, usinigombeze mimi. Gombana na mfumo."

"Basi niitie huyo mfumo, nimwone."

Nesi hakuwa mtu mbaya. Alimpa Bi Mafunda maji ya kunywa, akamwomba asinywee kwenye benchi la wagonjwa, kwa kuwa benchi lile lilikuwa la watu waliopo.

Wala Bi Mafunda hakuwa peke yake. Bonde zima lilikuwa limetoweka. Watoto walirudishwa kutoka shuleni kwa kuwa hawajazaliwa. Wafu walikataliwa kibali cha maziko kwa kuwa hawakupata kuishi. Mwatumu alipoyasikia haya alikimbilia mitamboni. Wimbo ulikuwa umekwisha kuchuja, hivyo aliruhusiwa kuwasha tena kinga, na kinga ilikiua kirusi bila shida. Lakini mashine ziliendelea kusema zimezuiwa na msimamizi. Alipochimba zaidi aligundua habari njema: watu wa Kidutwa hawakufutwa. Walikuwa wamefichwa tu, na kitufe cha kuwafichua kilikuwa kimefungwa.

Akampigia mama yake simu. "Mama, ni kama mwizi aliingia nyumbani akabadilisha kufuli zote. Mwizi tumemuua. Kufuli zake bado ziko milangoni."

"Si mzivunje?"

"Panatakiwa kibali."

"Kibali cha kuvunja kufuli za mwizi?"

"Ndiyo, mama."

"Nchi hii," akasema Bi Mafunda, "labda kweli mimi sikuzaliwa humu."

Kibali kilikuwa mkononi mwa Waziri wa Watu, na hapo Mwatumu alipumua, kwa sababu Waziri alikuwa Sela Ndagala. Nani angemfaa kuliko Da Sela? Sela naye alikuwa mtoto wa Kidutwa. Wazazi wake walikufa kwa kipindupindu angali mdogo, na ingawa ukoo wake ulikuwa mkubwa, aliyemchukua ni Bi Mafunda. Alilala mkeka mmoja na Mwatumu, wakala sahani moja, wakachapwa fimbo moja kwa kosa moja. Sela alipoingia kwenye siasa, Mwatumu alijifunga kanga kiunoni akamtafutia kura nyumba kwa nyumba mpaka viatu vikamwachia nyayo. Siku ya kuapishwa, Waziri mpya alimkumbatia Bi Mafunda mbele ya wapiga picha akisema, "Huyu ndiye aliyenifanya mtu."

"Mdogo wangu!" Sela alisimama kumpokea, akawatimua wasaidizi. "Umekonda. Unakula kweli?"

"Da Sela, Mama hayupo."

Waziri akashika kifua. "Amefariki?"

"Afadhali angekuwa amefariki, angeandikwa kwamba alikuwepo."

Mwatumu akamweleza yote. Sela alisikiliza, machozi yakamlenga, akampigapiga begani. "Niachie mimi. Hili ni la kwetu."

Kwanza serikali ilimzika kirusi. Bendera zilishushwa nusu mlingoti kwa bahati mbaya, kisha zikapandishwa kwa aibu. Sanduku tupu lilipitishwa barabarani, bendi ikapiga, na Mtukufu Kiongozi akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Adui amekufa! Tumemshinda bila kumwaga damu, na kwa sehemu kubwa bila kumwona! Lakini sisi si watu wa chuki. Marehemu alikuwa na mabaya yake, na alikuwa na mazuri yake. Mazuri yake tutayaenzi!"

Watu wakapiga makofi. Ndipo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kurejesha Mipangilio, ikaenda kufikiri kwenye hoteli ya pwani. Mwatumu aliitwa kutoa maelezo. Aliyakuta mazuri ya marehemu yakijadiliwa moja moja. Mkuu wa Usalama alisema kile kidirisha cha kuonyesha yanayoendeshwa ndani hakifai kurudishwa. "Mtu wa kawaida aone kila kinachoendeshwa, na kitufe cha kukikomesha kiwe hapo hapo pembeni? Hiyo itakuwa nchi au gulio?" Mjumbe mwingine aliuliza kwa upole kuna ubaya gani mafaili yakikaa mafichoni, ikiwa yenyewe hayajalalamika. Bwana Tunguu, ambaye alikuwa mwenyekiti kwa sababu ya uzoefu wake na flashi, alimshukuru Mwatumu na kumwomba akae nje wakati wa chakula.

Alirudi kwa Sela akiwa na hasira. Waziri alifunga mlango, akashusha sauti.

"Sikiliza. Kamati haitamaliza. Wewe fanya. Anza na ukoo wangu, wale akina Ndagala, iwe jaribio. Ukishawafichua, wahamishie kata ya hapa mjini, niwasaidie kwa karibu. Ukiona imefaulu, endelea na wengine wote."

"Kwa idhini yako?"

"Yangu."

"Utaniandikia?"

Sela akacheka, akamshika mikono yote miwili. "Maandishi ya nini kati yangu na wewe? Tumenyonya mkono mmoja wa ugali. Mimi niko nyuma yako."

Mwatumu akaona haya kwa kuuliza. Siku iliyofuata alijifungia chumba cha mitambo, akaiwasha mashine kuu katika ile hali ya usalama ambayo huamsha yaliyo ya lazima tu, kama mtu anayeamka akakumbuka jina lake na si zaidi. Akaingia kwenye rejista ya ndani, mahali mashine inapoweka maagizo yake. Huko alikuta mistari iliyopandwa na kirusi: hapa zuia, hapa ficha, hapa kataa. Palipoandikwa moja akaandika sufuri. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ilitaka mtu asiyeogopa kusoma. Akina Ndagala wakatokea kwenye skrini, rangi zao hafifu kama nguo iliyofuliwa sana, halafu wakakolea. Akawahamishia mjini kama alivyoagizwa.

Kidole kilimwasha kumtafuta mama yake. Akajizuia. Aliona aibu kumtanguliza mzazi wake ilhali watu wa bonde zima wanangoja. Watarudi wote pamoja, alijiambia, na Mama miongoni mwao.

Asubuhi ambayo alirudisha mipangilio yote, kitufe kwa kitufe, aliitwa ghafla kwenye Ukumbi wa Umoja kuendesha mitambo ya sherehe ya serikali. Hakuambiwa sherehe ya nini. Alikaa pembeni mwa jukwaa nyuma ya kompyuta yake, akatazama mabalozi wakiketi, na wageni fulani waliovaa suti za rangi ya majivu wakipewa viti vya mbele. Sela alikuwa mstari wa mawaziri, amevaa kitenge kipya. Mwatumu alimpungia mkono, naye akatabasamu. Alikuwa na hamu ya kumwambia kwamba kazi imekwisha.

Mtukufu akasimama. "Wageni wetu wapendwa, mmekuja kutafuta ardhi ya miwa. Mahali pengine mngekuta ardhi ina watu, watu wana makaburi, makaburi yana mizimu, na kila mmoja anadai fidia. Hapa kwetu tumebarikiwa. Liko bonde lenye rutuba na maji, na wataalamu wetu wamethibitisha kwa kompyuta kwamba halina mtu hata mmoja! Tazameni Kidutwa!"

Mawaziri wakapiga makofi. Sela alipiga makofi. Mwatumu aliiona mikono ile ikipanda na kushuka, na kwa muda akili yake ilikataa kuiunganisha na mwenye mikono.

Mtukufu akabonyeza kitufe cha dhahabu. Ramani ya bonde ikafunguka kwenye skrini kubwa, kijani na tupu. Kisha nukta moja ikawaka. Zikawaka nyingine. Zikamiminika kama sisimizi waliomwagiwa sukari, kila nukta na jina lake, na kila jina na neno moja mbele yake. Mafunda binti Kombo, YUPO. Hamza Liganga, YUPO. Mtoto wa Liganga, hajapewa jina, YUPO.

Makofi yakafa. Mmoja wa wageni wa suti za majivu akainama kumnong'oneza mwenzake.

"Hawa ni nani?" akauliza Mtukufu.

Mwatumu alimtazama Sela. Hakuogopa hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alijua kitakachotokea. Da Sela atasimama, aseme, Mtukufu, hao ni watu wetu. Ataona ugumu, sauti itamtetemeka, lakini atasema.

Na kweli Sela akasimama.

"Ni virusi, Mtukufu," alisema. Sauti haikutetemeka. "Wamerudi. Na aliyewarudisha ni yule pale."

Mwatumu aligeuka nyuma kumtafuta huyo aliyenyooshewa kidole. Nyuma yake palikuwa na pazia.

Akashtakiwa kwa kosa la kufichua vilivyofichwa kihalali. Hakimu aliuliza kama alikuwa na idhini. Akasema alipewa na Waziri. Hakimu akauliza idhini hiyo ni ya rangi gani na ina muhuri upande upi. Akafungwa mpaka hapo mipangilio itakapotulia, kipindi ambacho sheria ya huko haikukifafanua, kwa kuheshimu utaalamu.

Sela alikuja gerezani mchana mmoja, amejifunga mtandio mpaka kwenye pua. Alileta chapati na maharage ya nazi, kwenye bakuli lenye kifuniko. Waliketi wakitazamana, askari akajifanya anasoma gazeti.

"Kula, mdogo wangu."

"Ulijua kuhusu miwa?"

"Kula kwanza."

"Da Sela. Ulijua?"

Sela akalitazama bakuli. "Nilijua. Ndiyo maana nikakwambia uwatoe akina Ndagala."

"Na mimi ukaniambia niendelee na wengine."

"Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa unanitazama." Alipangusa jicho kwa ncha ya mtandio, machozi yalikuwa ya kweli. "Wewe hujui unavyomtazama mtu, Mwatumu. Unamtazama kama ameshafanya jambo jema. Nilidhani utaanza baada ya sherehe, ukute kila kitu kimefungwa upya, ukate tamaa, tusameheane. Mbona ulikuwa na haraka?"

"Mama alikuwa haoni."

"Ndilo lililonileta." Waziri akakaa wima, uso ukachangamka kidogo. "Nimemwokoa Mama. Nimemwingiza kwenye ukoo wetu, kata ya mjini. Yupo! Anapasuliwa macho wiki hii, na daktari bingwa. Ila kwa mfumo, yeye sasa ni mama yangu mimi. Wewe ilibidi uondolewe, la sivyo jina lako lingemvuta tena Kidutwa."

Mwatumu alitaka kumtukana. Alilitafuta tusi, tusi likaja mpaka kwenye meno, halafu akamwona mama yake akipapasa ukuta kuutafuta mlango, akalimeza. Hilo ndilo alilofanyiwa na mtu aliyelala naye mkeka mmoja: hata hasira yake ilikuwa imewekewa rehani.

"Asante," akasema, na neno hilo lilimchafua kinywa. Akalisukuma bakuli upande wa pili wa meza. "Usije tena."

Sela akatoka. Askari akakunja gazeti lake, akauliza kama chapati zile zina mwenyewe.

Matingatinga yaliingia Kidutwa mwezi huo huo. Inasemekana dereva wa kwanza alisimamisha mashine, akapiga simu makao makuu kwamba mbele yake kuna mwanamke anaanika mpunga. Makao makuu wakatazama kompyuta, ambazo zilikuwa zimefungwa upya kwa mazuri yote ya marehemu, wakamjibu hakuna kitu, asonge mbele. Dereva akamwomba mwanamke yule radhi, akasonga mbele. Watu wa bonde wakahamia ukingoni mwa barabara kuu, ambako wanauza mahindi ya kuchoma kwa wasafiri, na wasafiri wanakiri kwamba ni matamu.

Bi Mafunda alifunguliwa bandeji mbele ya kamera. Waziri alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ili uso wake uwe wa kwanza kuonekana. Bibi akapepesa, akamtazama sana.

"Mama, unaniona?" Sela akauliza, na kipaza sauti kikasogezwa.

"Nakuona," alisema Bi Mafunda. "Mwatumu yuko wapi?"

Matangazo yakakatika kwa sababu za kiufundi.

Kesho yake bibi aliteremka kitandani, akaenda gerezani kwa miguu yake, mara ya kwanza kwa miaka mingi bila wa kumshika mkono. Askari wa langoni akabonyeza, akakunja uso.

"Mama, wewe ni mama wa Waziri. Huyu unayemtaka hana mama. Siwezi kumruhusu mtu baki kumwona mfungwa."

Bi Mafunda hakubishana naye. Aliuzunguka ukuta mpaka upande wa nyuma, ambako wanawake hufua, akajaza hewa kifuani na kuita kama alivyokuwa akiita mashambani, jina likivutwa mpaka likafika.

"Mwatumuuu! Mwatumu binti Salehe bin Makame!"

Ndani, Mwatumu alikuwa amechutama mbele ya karai la nguo za maaskari. Povu likamdondoka mikononi. Wafungwa wenzake wakaacha kufikicha. Akaitika pale pale alipokuwa, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa chakula.

"Abee, mama!"

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama! Macho je? Unaona?"

Upande wa pili mama akatazama vizuri kabla ya kujibu, asije akasema uongo.

"Naona, mwanangu," sauti ya Bi Mafunda ikaja. "Naona vizuri sana. Naona ukuta."